Mtoto Ana Kwikwi: Dawa za Tangu Zamani na Wakati wa Kwenda Hospitali

  Leo tunazungumza juu ya jambo ambalo kila nyumba inalijua, nalo ni kwikwi. Wengine huiita kekevu, na wengine chechevu. Hakuna mtu ambaye haijawahi kumshika, na kila mtu ana dawa yake. Mmoja atakuambia unywe maji bila kupumua. Mwingine atakunyemelea na kukushtua. Naye nyanya atanyofoa uzi kwenye leso, aulowanishe kwa mate, aubandike kwenye paji la uso la mtoto.

Nimechagua jambo hili kwa sababu ya mtoto mmoja. Aliletwa kliniki akiwa na umri wa wiki 7. Macho yalikuwa yameingia ndani, utosi umebonyea, mdomo mkavu. Alikuwa ameharisha kwa siku 2. Nilipomwuliza mama yake mtoto amekula nini, alinijibu kwamba ni maziwa ya titi peke yake. Nikamwuliza tena, polepole, kama kuna kitu kingine chochote kilichopita mdomoni mwa mtoto. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Labda yale maji ya sukari, sista. Alikuwa na kwikwi sana, mama mkwe akasema tumpe kijiko asubuhi na kijiko jioni."

Mtoto huyo alilazwa, akaongezwa maji mwilini, akapona. Nilimshukuru Mungu. Lakini jambo moja lilibaki moyoni mwangu. Kwikwi haikuwa imemdhuru mtoto yule hata kidogo. Kilichomdhuru ni dawa ya kwikwi.

Kwa hivyo leo, mama, nataka turudi nyuma pamoja. Tuone watu wa zamani walijaribu nini, madaktari waligundua nini, na sisi wenyewe tumebadilisha nini. Mwishoni utajua ni kwikwi gani ya kusubiri ipite na ni kwikwi gani ya kukupeleka hospitali.

DAWA ZA WAGIRIKI

Usidhani kwamba dawa za kwikwi zilianza na nyanya zetu. Zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, huko Ugiriki, mwandishi aitwaye Plato aliandika kitabu juu ya karamu iliyofanyika katika mji wa Athens. Katika karamu hiyo kila mgeni alipaswa kusimama kwa zamu na kutoa hotuba. Ilipofika zamu ya Aristophanes, mtunzi wa michezo ya kuchekesha, alishindwa kusema. Kwikwi ilikuwa imemshika, pengine kwa sababu alikuwa ameshiba mno.

Karibu naye alikuwa ameketi daktari, jina lake Eryximachus. Daktari alikubali kuzungumza badala yake, na akampa dawa 3. Kwanza, azuie pumzi kwa muda mrefu. Hiyo ikishindwa, asukutue koo kwa maji. Na kama kwikwi ni kali sana, ajitekenye puani mpaka apige chafya. Daktari alipomaliza hotuba yake, kwikwi ya Aristophanes ilikuwa imekwisha, naye akasema ni chafya iliyoimaliza. Hippocrates, yule ambaye madaktari humwita baba wa utabibu, naye alitaja chafya kuwa tiba ya kwikwi.

Hebu tazama jambo hili, mama. Kuzuia pumzi na kunywa maji ndiyo mambo yale yale tunayoambiana jikoni hadi leo. Je, zinasaidia? Wakati mwingine, kwa mtu mzima, ndiyo, na sababu yake nitaieleza. Lakini tazama pia ni dawa ipi iliyopewa sifa. Ni ya mwisho! Kwikwi nyingi huisha zenyewe baada ya dakika chache. Kwa hivyo dawa yoyote utakayoijaribu mwishoni ndiyo itakayoonekana imeponya, hata kama ni uzi wa leso. Ndiyo sababu kila ukoo una dawa yake, na kila ukoo una hakika kwamba dawa yake inafanya kazi.

KINACHOTOKEA MWILINI

Kwa karne nyingi watu hawakujua kwikwi inatoka wapi hasa. Wengine walidhani ni ini, wengine tumbo, wengine hasira. Mwaka 1833 daktari aitwaye Shortt aliihusisha na mshipa wa fahamu unaoshuka kutoka shingoni hadi kwenye diaframu. Diaframu ni msuli mpana uliotandazwa chini ya mapafu, unaotenga kifua na tumbo. Ndio unaotuwezesha kuvuta pumzi.

Kwikwi huja pale msuli huo unapojikunja ghafla bila kuamriwa. Hewa huvutwa kwa kasi kuingia mapafuni. Kabla haijapita yote, kilango kilichoko kooni, pale sauti inapotokea, kinajifunga. Ile sauti unayoisikia ni ya kilango hicho kikijifunga.

Ni nini kinachousumbua msuli huo? Mara nyingi ni mambo madogo tu: kula haraka haraka, kushiba kupita kiasi, kumeza hewa, soda, pombe, chakula cha moto kikifuatwa na kinywaji baridi, kucheka sana, au wasiwasi.

Lakini kumbuka kwamba mishipa ya fahamu inayohusika ina safari ndefu. Inaanzia kichwani na shingoni, inapita kifuani, inafika tumboni. Chochote kinachoigusa njiani kinaweza kuleta kwikwi: uvimbe shingoni, nimonia ya upande wa chini wa pafu, au ugonjwa wa tumbo. Kiharusi nacho kinaweza kuileta kutoka kwenye ubongo. Vilevile figo zikishindwa kusafisha damu, uchafu unaobaki huweza kuleta kwikwi isiyokoma. Ndiyo maana hatuidharau kwikwi inayokaa siku nyingi.

Na sasa utaelewa ni kwa nini maji na kuzuia pumzi huweza kumsaidia mtu mzima. Kumeza maji hugusa mishipa ya koo, na kuzuia pumzi hubadilisha hewa iliyo katika damu, na mwili unaacha ule mchezo wake. Mwaka 1971 madaktari wa Marekani waliandika kwamba waliwapa watu 20 wenye kwikwi kijiko cha sukari kavu wameze, na kwikwi ikakoma kwa 19 kati yao. Ni jambo la watu wazima hilo, tena wasio na ugonjwa wa kisukari. Si la mtoto mchanga.

MTU ALIYEKAA NA KWIKWI MIAKA 68

Kuna kwikwi ambayo haikujali maji, wala chafya, wala kushtuliwa. Mwaka 1922, huko Marekani, mtu aitwaye Charles Osborne alikuwa akijaribu kupima uzito wa nguruwe kabla ya kumchinja. Kwikwi ikamshika. Haikuondoka mpaka mwaka 1990. Hiyo ni miaka 68! Mwanzoni ilimjia mara 40 kwa dakika, baadaye ikapungua hadi 20. Alioa, akapata watoto 8, akazeeka nayo. Ilipomwacha alibaki na mwaka mmoja tu wa kuishi, kwani alifariki mwaka 1991.

Wala cheo hakimkingi mtu. Mwaka 1954 Papa Pius XII aliugua kwikwi ya muda mrefu pamoja na ugonjwa wa tumbo, na madaktari wake wakahangaika.

Ni katika miaka hiyo dawa ya hospitali ilipopatikana. Mwaka 1950 huko Ufaransa ilitengenezwa dawa iitwayo klopromazini, ambayo baadaye ilitumika sana kwa wagonjwa wa akili. Mwaka 1955 madaktari waliandika kwamba inazuia kwikwi sugu. Hadi leo ni mojawapo ya dawa za kwikwi isiyokoma. Lakini ni dawa kali. Huleta usingizi mzito na kushusha shinikizo la damu. Hutolewa na daktari kwa mgonjwa aliyepimwa. Haikopwi kwa jirani, na kamwe haipewi mtoto kwa sababu ana kwikwi.

MTOTO NA KWIKWI YAKE

Sasa tuje kwa mtoto wako. Mama aliyebeba mimba huenda anakumbuka vile vishindo vidogo vinavyofuatana kwa mpangilio, kama saa, upande mmoja wa tumbo. Mara nyingi hiyo ni kwikwi ya mtoto akiwa bado tumboni. Akizaliwa anaendelea nayo. Watoto wachanga hupata kwikwi mara nyingi kuliko watu wazima, na wale waliozaliwa kabla ya wakati huipata zaidi.

Nyanya zetu walikuwa na neno lao: "Usihofu, anakua huyo." Sisi tuliosoma uuguzi tulitabasamu tu. Lakini mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha London waliwachunguza watoto wachanga 13 waliokuwa na kwikwi, wakipima mawimbi ya ubongo kwa vifaa vilivyowekwa kichwani. Waliona kwamba kila kwikwi inaamsha mawimbi katika ubongo wa mtoto. Wakasema huenda kwikwi inamsaidia ubongo kujifunza kuufahamu msuli wa pumzi, ili baadaye mtoto aweze kuutawala. Walisema huenda, hawakusema ni hakika. Hata hivyo nyanya aliyesema mtoto anakua hakuwa mbali sana na ukweli. Alipokosea ni pale alipochukua kijiko.

CHUPA KUTOKA NOTTINGHAM

Kijiko hicho nacho kina historia. Mwaka 1851, katika mji wa Nottingham huko Uingereza, muuza dawa aitwaye William Woodward alianza kutengeneza dawa ya maji kwa watoto wanaolia. Alikuwa ameiga mchanganyiko uliotumiwa kwa watoto wenye homa katika maeneo ya vinamasi ya nchi hiyo. Ndani yake mlikuwa na sukari, magadi na mafuta ya mmea wa kiungo. Mlikuwa pia na pombe. Dawa hiyo, Woodward's Gripe Water, ilisambaa katika makoloni ya Waingereza. Vizazi vya watoto vilinyweshwa kwa ajili ya gesi, kilio na kwikwi. Ilichukua zaidi ya miaka 100 kabla ya pombe kuondolewa huko Uingereza, mwaka 1992. Je, ni ajabu kwamba mtoto alitulia?

Siwalaumu waliotutangulia. Walifanya walivyofundishwa, tena wengine walifundishwa na sisi watu wa hospitali. Kwa miaka mingi ushauri ulikuwa kwamba mtoto anaweza kuanza vitu vingine akiwa na miezi 4 hadi 6. Ni mwaka 2001 ndipo Shirika la Afya Duniani lilipotamka wazi kwamba mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6 kamili. Hakuna maji, uji, maji ya sukari wala dawa ya chupa, isipokuwa dawa aliyoandikiwa na mhudumu wa afya.

Hapa Kenya, uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2003 ulionyesha kwamba ni asilimia 13 tu ya watoto wa chini ya miezi 6 walionyonya maziwa ya mama peke yake. Mwaka 2008 hadi 2009 wakawa asilimia 32. Mwaka 2014 wakafika asilimia 61. Hayo ni mabadiliko makubwa, na walioyaleta ni akina mama kama wewe. Lakini mwaka 2022 tulikuwa asilimia 60. Tumekwama hapo. Yaani watoto 4 kati ya 10 bado wanapewa kitu kingine, na mara nyingi kinaanza na sababu ndogo kama kwikwi.

Tumbo la mtoto wa wiki 7 ni laini. Maji yasiyo safi na kijiko kisichochemshwa huingiza vijidudu, naye huharisha. Na kile kijiko cha maji hujaza nafasi ya maziwa. Asali nayo ni hatari zaidi. Tangu mwaka 1976, ugonjwa unaompooza mtoto mchanga ulipotambuliwa huko California, imejulikana kwamba asali inaweza kubeba vijidudu vyake. Mtoto asilambishwe asali kabla ya kutimiza mwaka mmoja, hata kidogo.

LA KUFANYA NYUMBANI

Mtoto akishikwa na kwikwi wakati wa kunyonya, mtoe titini kidogo. Mweke wima begani mwako, umpapase au umpigepige mgongoni polepole mpaka abeue. Kwikwi ikiendelea na mtoto ametulia, mwache. Akitaka kunyonya tena, mnyonyeshe. Kule kumeza kwenyewe huweza kuituliza. Akishashiba, usimlaze mara moja. Mshike wima kwa dakika 20 hadi 30. Usingoje alie kwa njaa ndipo umnyonyeshe, kwani mtoto mwenye njaa hunyonya kwa pupa na kumeza hewa nyingi.

Usimshtue. Usimbane pua. Usimvute ulimi. Usimbonyeze macho wala utosi. Na ule uzi wa leso? Hauna nguvu ya kuondoa kwikwi, lakini ukianguka mdomoni unaweza kumpalia. Mwambie nyanya kwa heshima: "Nyanya, wamesema kliniki tumwache tu, itapita." Nyanya ni msaada mkubwa nyumbani. Mpe kazi ya kumshika mtoto wima begani, ataifanya vizuri kuliko sisi sote.

WAKATI WA KWENDA HOSPITALI

Kwa mtoto mchanga, usihesabu siku. Tazama mtoto mwenyewe. Mpeleke kituo cha afya upesi ukiona mojawapo ya haya:

- kwikwi haikomi kwa saa nyingi, au inamzuia kunyonya na kulala kila siku;
- anatapika sana, au matapishi ni ya kijani au yana damu;
- hataki kunyonya, amelegea, au haongezi uzito;
- mwili ni moto, au ni baridi kupita kawaida;
- anapumua mbio, pumzi 60 au zaidi kwa dakika, au mbavu zinaingia ndani akipumua;
- unachodhani ni kwikwi hakina mlio wake, bali mikono na miguu inarukaruka, macho yanakodoa, naye hakutambui. Hiyo huenda ni degedege. Kimbia hospitali.

Kwa mtoto mkubwa na mtu mzima, kumbuka saa 48. Kwikwi iliyopita siku 2 si ya kuchekwa tena. Baba mmoja alikuja kwetu akiwa na siku 4 za kwikwi. Mkewe alikuwa amemchemshia kila jani analolijua. Miguu ilikuwa imevimba na alikuwa akitapika asubuhi, lakini hakuna aliyeyaunganisha mambo hayo na kwikwi. Alipopimwa damu, figo zake zilikuwa zimeshindwa. Kwikwi ilikuwa ikipiga hodi siku zote hizo.

Wala usingoje saa 48 ikiwa kwikwi imekuja na maumivu ya kifua, shida ya kupumua, kutapika damu, au dalili za kiharusi, yaani uso kwenda upande, mkono kukosa nguvu, au maneno kutotoka sawasawa. Nenda saa hiyo hiyo. Na kama kwikwi ilianza baada ya kupewa dawa mpya, usiiache dawa kimyakimya. Rudi kwa aliyekupa, ukiwa na dawa yenyewe mkononi.

Jambo la mwisho, kwa sababu sisi ni majirani. Mwaka 1995, huko Kikwit, katika nchi ambayo sasa ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Ebola iliwashika watu 315, na takriban 8 kati ya kila 10 wakafa. Madaktari waliona kwamba baadhi ya wagonjwa mahututi walikuwa na kwikwi. Usiogope. Kwikwi peke yake si Ebola. Lakini mtu mwenye homa kali, kutapika, kuharisha na kwikwi, aliyetoka mahali palipotangazwa ugonjwa huo, usimguse kwa mikono mitupu. Mjulishe mhudumu wa afya mara moja.

Mama, tangu karamu ile ya Athens hadi leo, watu wameitafuta dawa ya kwikwi kwa bidii nyingi. Kwa mtoto wako dawa iliyo bora mara nyingi ni bega lako na subira. Yule mtoto wa wiki 7 sasa anatembea. Mama yake alipojifungua tena, alikuja kliniki na mama mkwe wake. Nikamsikia yule nyanya akimwambia mzazi mwingine kwenye benchi: "Mwache tu, huyo anakua. Lakini usimpe kitu." Nami nikaendelea kupima uzito wa watoto, kwani somo la siku hiyo lilikuwa limeshafundishwa.